Violette ya Haiti: kombe la 1984 tulihesabu?

winga_kushoto
Wakuu, naomba kueleweshwa. Kwenye orodha ya mabingwa wa klabu wa CONCACAF (shirikisho la soka la Amerika Kaskazini, Kati na Karibiani) nimekuta Violette ya Port-au-Prince, mwaka 1984, ila sehemu ya matokeo ya fainali iko tupu. Ilikuwaje? Ni timu ya maana au walibahatisha?

kiungo_mkabaji
Ushindi wa mezani huo. Guadalajara ya Mexico na New York Freedoms ya Marekani walishindwa kukubaliana tarehe, wote wakaenguliwa, Violette wakakabidhiwa ubingwa. Mimi siuhesabu.

mzee_wa_vikosi
Kuhusu 1984 uko sahihi, mkuu. Hata mahasimu wao, Racing Club Haïtien, la kwao la 1963 walilipata baada ya Guadalajara kujitoa fainali. Lakini kuwapima Violette kwa hilo tu ni kuwaonea.

Klabu ni ya 1918. Philippe Vorbe alikuwa mchezaji wao, yule aliyempenyezea mshambuliaji wa Haiti, Emmanuel Sanon, pasi dhidi ya Italia, Kombe la Dunia 1974, kipa wa Italia Dino Zoff akafungwa baada ya zaidi ya dakika 1,100 za timu ya taifa bila kuokota mpira wavuni. Sanon anatajwa kila siku. Vorbe je?

Halafu njoo 2023, Ligi ya Mabingwa ya CONCACAF. Ligi ya Haiti imesimama kwa sababu ya magenge ya wahalifu, vijana wamekaa miezi bila mechi ya mashindano. Mechi yao ya "nyumbani" inachezwa Santiago de los Caballeros, Jamhuri ya Dominika. Wapinzani ni Austin FC, timu ya MLS, ligi kuu ya Marekani na Kanada. Machi 7, Violette 3, Austin 0. Nilidhani wamekosea kuandika matokeo.

Marudiano Texas, baadhi ya wachezaji wakakosa viza. Austin wakapata mawili. Bao moja tu lilibaki jumla isawazishwe, na mimi simu nimeiegemeza kwenye kikombe, kila krosi ikipigwa nafumba macho nasikiliza kelele za uwanja. Filimbi ya mwisho ikalia, 3-2 kwa jumla. Nilitoka nje nikatembea, kukaa sikuweza. Hilo nalo ni la mezani?

kiungo_mkabaji
Hilo la 2023 sikulijua, mkuu. Hapo nakubali. La 1984 bado silihesabu.

winga_kushoto
Asante sana mzee. Kwao wanachezea uwanja gani?

mzee_wa_vikosi
Stade Sylvio Cator, katikati ya Port-au-Prince. Umepewa jina la mwanariadha aliyepata medali ya fedha ya kuruka chini, Olimpiki ya Amsterdam 1928, na mpira alichezea Racing. Violette na Racing walikuwa wanakutana hapo. 2024 magenge yakauvamia. Nikiziona picha za zile nyasi natafuta lile goli ambalo wangelifungia Austin, kama wangeachwa wacheze kwao.