LEG ni ON?? Krosiwedi za mafumbo za Waingereza zinatuonea sisi tulio huku Amerika

Wakuu, natoka shifti ya usiku, sijalala na silali mpaka niandike hili maana limenikaa kooni tangu saa nane.

Niko Ohio mwaka wa kumi na moja huu. Krosiwedi za mafumbo za Waingereza nazipenda, tena sana, kila usiku kwenye mapumziko natoa simu najaza. Kwa asiyezijua, hizi si zile za kuulizwa mji mkuu wa Ufaransa ukaandika ukaendelea. Dokezo lina sehemu mbili, moja ni maana ya kawaida ya jibu na nyingine ni mchezo wa herufi, kupangua, kuchomeka neno ndani ya neno, kusoma kutoka nyuma, halafu sentensi inafinyangwa usijue sehemu moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Mtu aliyekulia kwenye vitendawili na kuongea kinyume utamu wake anaupata siku ya kwanza.

Sasa jana. Dokezo linasema "Leg, one leg, makes you cry", herufi tano. Nilikuwa na herufi mbili, ya pili N na ya nne O. Nikaweka ANNOY, nikaona hapana, kuudhi si kuliza na mguu haumo. Nikafuta nikaweka UNION, nayo haina sababu yoyote. Mapumziko yangu yote yakaishia hapo. Asubuhi jibu linatoka: ONION. Haya kitunguu kinaliza nimekubali, ila mguu uko wapi? Nimetafuta lisaa zima ndo naambiwa kwenye kriketi uwanja unagawanywa pande mbili kufuata mpigaji alivyosimama, upande wa miguu yake wanauita leg, na upande huohuo wana jina la pili, on. Kwa hiyo leg ni ON, one ni I, leg tena ON.

Yaani hicho ndo nilitakiwa nikijue nikiwa nimekaa juu ya kreti ghalani Ohio. Na mimi kriketi siichukii, Kenya walipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003 nilikuwa nafuatilia kwenye redio, lakini jina la pili la upande wa uwanja hakuna aliyewahi kunitajia.

Na kinachoniuma zaidi ni ule mraba wenyewe. Krosiwedi ya Kimarekani kila herufi iko kwenye maneno mawili, la kulala na la kusimama, so kama neno hulijui majirani zake wanakusaidia kulifikia. Ya Kiingereza karibu nusu ya herufi ziko peke yake. Ukikwama kwenye jambo lao la nyumbani basi umekwama, hakuna mlango wa pembeni. Ile yangu N na O zilikubali maneno matatu, ningechaguaje?

Na si kriketi tu. "Men" ni OR, maana jeshini kwao askari wasio maofisa wanaitwa other ranks. "Volunteers" ni TA, jeshi lao la akiba, na jina hilo jeshi lenyewe limeliacha tangu 2014 ila kwenye mraba bado linadunda. "Copper" inaweza kuwa D, kifupisho cha peni ya zamani ambayo wao wenyewe waliiacha 1971! "The City" ni EC kwa sababu ya msimbo wa posta wa kule katikati ya London. "Flower" si ua, ni kitu kinachotiririka, yaani mto, na hilo ni chenga tamu nakubali kabisa, lakini mto wenyewe utakuwa Exe, Dee, Tees, vimito ambavyo ukimuuliza mtu wa Chicago hajawahi kuvisikia.

Halafu sauti. Wanakwambia neno fulani "likisikika" ni sawa na lingine, mfano source na sauce. Mimi nimesoma Tanga, kwangu zote ni sosi, napita. Binti yangu kazaliwa hapa, anaitamka ile R mpaka unaisikia chumba cha pili, ananiangalia anasema baba hayo maneno hayafanani. Na yuko sahihi! Nilitaka tujaze wote Jumapili, ameacha.

Kuna mtungaji wao wa zamani, A. F. Ritchie, alijiita Afrit, ni afriti huyuhuyu tunayemjua sisi, aliandika 1949 kwamba mtungaji si lazima amaanishe anachosema ila lazima aseme anachomaanisha. Hiyo ndo sheria wanayojivunia mpaka leo. Sasa ukisema leg kwa mtu wa Ohio umesema unachomaanisha? Tena jibu likiwa na tahajia ya Kimarekani wanalazimika kuonya kwenye dokezo kwamba ni ya Amerika, ila la kwao halionywi kamwe, unatakiwa uwe umezaliwa nalo.

Nikawaandikia wahariri. Nimejibiwa mistari miwili, kwamba mafumbo yanatungwa kwa ajili ya wasomaji wa nyumbani. Nyumbani! Na kila mwezi mnakata dola kwenye kadi yangu, dola inatoka nyumbani gani?

Msiniambie bila mambo ya kwao mchezo unakufa. Frank Lewis alitunga mafumbo ya aina hii kwenye The Nation, jarida la New York, kuanzia 1947 mpaka 2009, zaidi ya miaka 60, na Wamarekani wakawa wanayajaza.

Sijaomba wanirahisishie, ugumu ndo naufuata. Naomba kitu kimoja, jibu likitoka litoke na maelezo yake. Kwetu ukishindwa kitendawili unaambiwa nipe mji, unatoa mji, unapewa jibu na palepale unaona kwa nini ni hilo, hata mtoto wa miaka sita anaona. Hawa mji nimeshawapa, tena kwa dola, wananirushia neno ONION wanafunga mlango.

Malipo yangu yanaisha Ijumaa na kadi nimeshaitoa. Kama kuna mdau yuko Canada au Marekani na anazijaza hizi, niambie ukweli: leg kuwa ON ulijulia wapi, na nani alikueleza?