Marangu au Machame? Tunapanda Kilimanjaro Desemba

Mtoto_wa_Temeke: Wakuu, habarini. Mimi na wenzangu wa kazini tunapanda Kilimanjaro Desemba, tunataka tuwe kileleni tarehe 9, siku ya Uhuru. Kampuni moja inatushauri njia ya Marangu, nyingine ya Machame. Ipi bora? Wiki hii tunatakiwa kulipa kianzio.

Baba Neema: Mkuu, siku ngapi? Mko wangapi, kuna mwenye presha au pumu? Hujasema lolote.

Mgumu_Himo: Njia zote mbili nimezibebea mizigo. Nendeni Marangu. Ndiyo pekee yenye vibanda: Mandara, Horombo, Kibo. Mvua za vuli zinaweza kuwa bado hazijaisha, na slipingi begi ikilowa kwenye hema hulali tena. Ila chukueni siku 6. Ile ya ziada mnakaa Horombo, mita 3,720: asubuhi mnapanda hadi Zebra Rocks, mnarudi kulala palepale.

Rehema T: Mgumu, hapo sikubaliani nawe. Machame siku 7. Siku ya tatu unafika Lava Tower, kama mita 4,600, halafu unashuka kulala Barranco, chini ya 4,000. Mwili unazoea mwinuko.

Sisi tulipita Marangu siku 5 kwa kuwa bei ilikuwa nafuu. Kufika Kibo kichwa kinagonga, hata harufu ya supu siitaki. Usiku wa manane tukaanza kuutafuta ukingo wa kreta pale Gilman's, changarawe inateleza, unapiga hatua mbili unarudi moja. Mwenzetu akaanza kupepesuka, akiulizwa jina lake anajibu mambo mengine. Kiongozi mkuu anamwambia jikaze, tumekaribia! Msaidizi wake, kijana tu, ndiye aliyegoma. Akamkamata mkono wakashuka usiku uleule hadi Horombo, na huko fahamu zikamrudia, akaomba chai. Kupepesuka vile ni ubongo kuvimba. Mtu ashushwe hapo hapo, asisubiri kukuche.

Baba Neema: Ndiyo maana mimi nameza Diamox, vidonge vya kusaidia mwili uzoee mwinuko, kabla ya kuanza.

Mgumu_Himo: Diamox inasaidia, lakini wanaoimeza wanajiona wako salama, wanakimbia. Pole pole na maji mengi.

Wanjiru_Nanyuki: Kwani lazima Kili? Anzeni na Mlima Kenya, njia ya Sirimon, Point Lenana ni mita 4,985. Mtajipima vizuri.

Rehema T: Dada, wanataka kilele cha Uhuru siku ya Uhuru. Pale ndipo Luteni Nyirenda alipousimamisha mwenge mwaka 1961.

Wanjiru_Nanyuki: Sawa, lakini Lenana waende kwanza, Oktoba.

Mtoto_wa_Temeke: Samahani, nilikuwa kazini. Tuko 8, mmoja ana pumu. Ruhusa tuliyopewa ni siku 5.

Rehema T: Siku 5 na pumu? Msilipe chochote kabla hajaonana na daktari. Ombeni siku za ziada.

Baba Neema: Na viatu mnavyo? Vya kukodi Moshi vinapatikana, ila kidole kikigusa mbele, kushuka Horombo hadi getini kucha zinang'oka.

Mgumu_Himo: Soksi nzito zinasaidia.

Baba Neema: Hazisaidii, mkuu. Chukua namba moja zaidi.