Ekari moja ndani ya geti Usa River, au kiwanja cha 20 kwa 40 Moshono?

MtafutaKiwanja
Wakuu, naomba tulinganishe viwanja viwili vya huku Arusha. La kwanza ni ekari moja (mita za mraba 4,047) upande wa Usa River, kwenye lililokuwa shamba la kahawa: uzio, geti, walinzi, nyumba moja tu kwa kila kiwanja, hakuna kufuga, na tozo ya huduma kila mwezi. La pili ni kiwanja cha mita 20 kwa 40 Moshono, kimepimwa, majirani wa pande tatu wameshajenga na kuzungusha ukuta, barabara ni ya vumbi. Tuko watu sita, mmoja ni mama mzazi mwenye miaka zaidi ya 70. Bei ya kununulia tuiache. Ninachotaka kujua ni gharama za baada ya kununua, na kama ujirani unapungua kweli ndani ya geti au ni maneno tu.

FundiKijenge
Nianze na uzio wa kiwanja chako mwenyewe. Ekari ikiwa mraba, upande mmoja ni karibu mita 64, mzunguko mita 254. Ukuta wa mita 2 kwenda juu unakupa mita za mraba 508. Tofali za inchi 6 huingia 9 hadi 10 kwa mita ya mraba, kwa hiyo andaa tofali kama 5,000, msingi haujaguswa. Mfuko wa saruji ukitoa tofali 30, hiyo ni mifuko 165 hivi ya kufyatulia peke yake. Soma masharti kwanza: maeneo mengine ya geti yanakataza ukuta mrefu kati ya kiwanja na kiwanja, mengine yanaulazimisha.

Moshono mzunguko ni mita 120, na mita 100 zimeshasimama. Unabaki na mita 20 za mbele, ukitoa nafasi ya geti.

Lakini ukuta wa jirani una mambo yake. Kabla hujalipa, mwite mpima afufue bikoni (alama za mpaka kwenye kona) zote nne. Ukuta ulioingia kwako nusu mita kwa urefu wa mita 40 umekula mita za mraba 20, yaani chumba kizima na choo chake. Ukiligundua hilo, yamalizeni ofisi ya mtaa kwa maandishi kabla hujachimba msingi. Usipandishe kenchi ya banda juu ya ukuta wa mwenzako, ule ulijengwa ujibebe wenyewe tu. Na ukisawazisha kiwanja chenye mteremko, usiurundikie udongo: masika ya kwanza udongo unalowa, unasukuma, ukuta unalala upande wa jirani. Ugomvi mwingi wa mpakani unaanzia hapo, wala si kwenye ardhi yenyewe.

Umeme: TANESCO hupanga maombi kwa umbali. Ndani ya mita 30 huhitaji nguzo, hadi mita 70 nguzo moja, hadi 120 nguzo mbili. Kwenye ekari, ukiiweka nyumba nyuma kabisa umejiongezea nguzo, bomba refu na kokoto za njia ya gari. Isogeze mbele, mita 10 hadi 15 kutoka barabarani. Faida nyingine ni kwamba mtu akipita anakuona, mnasalimiana.

MajiYaMeru
Fundi kamaliza ukuta, mimi nina maji. Nyasi za kiangazi zinataka kama milimita 5 kwa siku, sawa na lita 5 kwa kila mita ya mraba. Ukipanda nyasi mita za mraba 1,000 tu kwenye hiyo ekari, simtanki la lita 5,000 linaisha kwa kumwagilia mara moja. Wakati huo familia ya watu sita kwa lita 80 kila mmoja haifiki lita 500. Kwa hiyo usipange bustani ya ekari nzima. Weka nyasi karibu na nyumba, kwingine panda migomba na miti, na uliza kama masharti yanaruhusu migomba. Wengine hawaitaki mbele ya nyumba.

Pili, maji yenyewe yanatoka wapi? Maeneo ya geti mara nyingi yana kisima chao. Miamba ya volkano ya Mlima Meru huachia floraidi (madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi) kwenye maji, na ukanda wa Usa River na Ngurdoto unajulikana kwa hilo. Kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kiliwekwa Ngurdoto. Kiwango cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita. Ukionyeshwa karatasi ya "maji salama", angalia wamepima nini, maana nyingi ni za bakteria tu. Dai kipimo cha floraidi chenye tarehe na jina la maabara. Kuchemsha hakuondoi: maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki na kukolea. Kinachosaidia ni chujio la mkaa wa mifupa (huchoka, lazima ubadilishwe), chujio la utando lenye pampu, au maji ya mvua. Bati la mita za mraba 200 likipata mvua ya milimita 20 ni lita 4,000. Toa zinazopotea, ubaki na 3,200 hivi. Maji ya kunywa na kupikia ya watu sita hayazidi lita 40 kwa siku. Kama kuna mtoto chini ya miaka 8, hili lipewe uzito wa kwanza, maana meno ya ukubwani yanajengeka umri huo. Na magadi kwenye makande yanaweza kuongeza floraidi, hilo nalo lisisahaulike. Moshono pia upime, usiamini mtaa kwa jina.

MamaKiranyi
Mtafuta, ujirani unapimwa siku ya msiba. Mpigie meneja wa hilo eneo umuulize hivi: tukifiwa, watu 200 watakuja kwa siku tatu, wengine kwa bodaboda, wengine kwa miguu kutoka barabara kuu, hawana namba ya nyumba wala hawajapiga simu. Wanaingiaje? Turubai linafungwa wapi? Kuni na masufuria yanaruhusiwa uani? Nyimbo za usiku zinaisha saa ngapi? Akikujibu kwa hatua, kwamba geti linafunguliwa, mlinzi mmoja anasimama kuelekeza, magari yanapaki upande huu, hapo mnaweza kuishi. Akisema "tutaona wakati huo", jua watu wako watasimama getini wakiandikishwa kwenye daftari huku wanalia.

Mama wa miaka 70 anahitaji pia wa kumwambia "bibi, umeamkaje" asubuhi. Mtaani huyo ni muuza maziwa, ni mtoto anayetumwa chumvi. Kwenye ekari moja akianguka chooni mchana mko kazini, sauti yake haifiki nyumba ya pili. Na kutoka Usa River hadi hospitali ya Mount Meru ni takriban kilomita 20 kwenye barabara ya Moshi yenye malori.

NdaniYaGeti
Naomba nitetee upande huu kwa haki. Moshono leo una majirani watatu wazuri. Kesho mmoja anauza, anakuja mwenye baa au mashine ya kusaga, na kulala hulali. Masharti ya matumizi unayoyaona kama kifungo ndiyo yanayokulinda. Ndani ya geti watoto wanaendesha baiskeli barabarani bila hofu ya bodaboda, na wakubwa wanajuana kwa sababu watoto wanajuana. Mtaani napo kuna kuta za mita 3 zenye vipande vya chupa juu, na watu hawajui jirani anaitwa nani.

La msingi ni watu wangapi wanaishi humo. Nenda saa mbili usiku, hesabu nyumba zenye taa. Tuseme viwanja 40 vyote vimeuzwa, lakini wamiliki wengi wako Dar au nje ya nchi na waliohamia ni 9: hapo huna jirani hata kama wote ni wema. Tozo nayo inafuata hesabu hiyo hiyo. Mishahara ya walinzi, dizeli ya jenereta na pampu ya kisima haipungui kwa sababu nyumba ni chache. Uliza jumla ya gharama za mwezi igawanywe kwa wanaolipa kweli, si kwa idadi ya viwanja kwenye ramani.

Mama kama ni wa jumuiya ya kanisani, majina ya wanajumuiya yaachwe getini kwa orodha ya kudumu. Inawezekana, ila iombwe kwa barua.

KihambaKibosho
Kutoka Moshi. Mnabishana kana kwamba ukubwa wa eneo ndio unaoua ujirani. Vihamba (mashamba ya ukoo yenye nyumba ndani) vya Uchagani ni vikubwa, nyumba imejificha ndani ya migomba na kahawa, mpaka ni mimea ya masale tu, na bado watu wanajuana hadi majina ya ng'ombe. Sababu ni mfereji. Maji ni ya zamu, ukiziba zamu ya mwenzio anakuja mlangoni, na siku ya kuzibua mfereji kila nyumba inatoa mtu na jembe. Vijia vinapita kati ya vihamba, huzungushi kilomita nzima kwenda kwa jirani aliye nyuma yako.

Kwa hiyo huko Usa River tafuta vitu viwili. Kuna kitu gani wanachokifanya kwa mikono pamoja, tofauti na kumlipa meneja? Na kuna njia ya miguu kati ya viwanja? Kama viwanja vyote vinageukia barabara ya gari na migongo yake ni ukuta mtupu, utamfikia wa nyuma kwa gari.

MpimaTengeru
Niongeze karatasi. Usa River iko Halmashauri ya Wilaya ya Meru, Moshono iko Jiji la Arusha. Kibali cha ujenzi kila kimoja kinaombwa kwake. Kwa ardhi iliyokuwa shamba, hakikisha matumizi yalishabadilishwa kuwa makazi, mchoro wa mipango miji umeidhinishwa, na ramani ya upimaji ina namba ya kiwanja *chako*. Ukiambiwa "hati mama (ya shamba zima) ipo, yako itakatwa baadaye", usilipe yote. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati uone kama kuna rehani. Kukiwa na mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakuzuia ndani ya mita 60. Ekari ya mtoni inaweza kubaki nusu ekari ya kujenga, au pungufu.

Na barabara za ndani, geti na kisima viko kwa jina la nani? Vikibaki kwa kampuni iliyouza, siku ikifilisika mnabaki na geti lisilo lenu.

MtafutaKiwanja
Asanteni sana. Na ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji, ndani ya geti inahusika?

MamaKiranyi
Inahusika. Barua ya utambulisho ya kitambulisho cha taifa (NIDA), ya benki au ya kumdhamini ndugu polisi inatoka huko, geti liwepo lisiwepo. Siku ya kukagua kiwanja pitia kwa mwenyekiti, jitambulishe, na umuulize ana watu wangapi wa ndani ya lile geti wanaokuja mikutanoni.

FundiKijenge
Ukienda beba futi ya mita 50. Pima upana na kimo cha geti pia: gari la zimamoto linataka nafasi ya kupita, na matao mengi ya mapambo huko ni mafupi kwenda juu.