Mrejesho: laptopu ya kuandikia tamthiliya, Mtwara

Wakuu, habari za siku. Niliwauliza: mwandishi wa tamthiliya anayejitegemea, yuko Mtwara, ana laki sita, anunue laptopu gani?

Nimenunua. Lenovo ThinkPad iliyotumika, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 8, SSD (diski ya kuhifadhia) GB 256, kwa laki tano na thelathini. Aliyeniambia nijaribu kibodi kwanza, Mungu ambariki. Nilikaa dukani nikaandika ukurasa mzima wa majibizano. Ya kwanza niliyopewa, herufi A ilikuwa inagoma, na Kiswahili bila A hakiandikiki! Nikairudisha, nikapewa hii. Betri yake ilikuwa imechoka, fundi akabadilisha kwa elfu sabini. Sasa umeme ukikatika hapa mtaani Shangani naendelea kuandika onyesho langu.

Nimeweka LibreOffice, programu ya kuandikia, ni ya bure. Nimeandaa mtindo mmoja wa majina ya wahusika na mwingine wa maelekezo ya jukwaani, basi kurasa zinajipanga. Kila usiku nanakili kwenye flashi na kujitumia kwa barua pepe, maana igizo langu la kwanza lilipotea pamoja na simu. Liliniuma sana.

Raha yenyewe iko kwenye mazoezi, jioni, Mikindani. Mwigizaji akisema, "Kaka, mama muuza chumvi hawezi kuongea hivi," nasahihisha palepale. Zamani nilirudia daftari zima kwa mkono.

Kipato bado. Watazamaji wa kulipa tunawapata zaidi msimu wa korosho. Miezi mingine nachapa barua za watu. Kuandika igizo nimefika onyesho la tano kati ya saba. Asanteni sana, ndugu zangu.