Naomba ushauri: patasi inakunja makali kwenye mkaratusi

Wakuu, habari za kazi. Niko Mafinga, natengeneza fremu za milango. Kwenye paina za Sao Hill patasi yangu ya nusu inchi inapiga kazi kutwa nzima bila shida. Balaa ni mkaratusi mkavu. Nikianza kutoboa tundu la ulimi (ncha ya mbao nyingine inayochomekwa humo), hata fremu moja haiishi makali yameshakunjika. Ukipitisha ukucha upande wa bapa unakwama kabisa.

Nanoa kwa jiwe la mafuta, namalizia na msasa wa maji namba 1000 juu ya kioo. Grinda siigusi, maana inachemsha chuma, na kikishageuka bluu kimelainika hicho. Pembe ya makali ni kama digrii 25. Nimejaribu kutoa mbao kidogo kidogo kwa kila pigo, nafuu ni ndogo.

Sasa naomba mnisaidie: nikiongeza pembe pale kwenye ncha tu, ifike digrii 30 au 35, itatosha, au chuma chenyewe ni laini? Pia kuna mhunzi huku anafua patasi kwa springi za gari. Mliozitumia kwenye mbao ngumu, zinadumu bila kumeguka? (Mashine ya kutoboa msinishauri, mfuko hauruhusu.)