Re: Stesheni mpya inajengwa Östberga, mkaguzi anataka kuingia ndani

Kutoka: Dada wa Kirumba (sasa Stockholm)

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za huko mliko.

Naomba ushauri wa waliowahi kuishi jirani na ujenzi mkubwa. Hapa Östberga wanajenga stesheni ya treni ya chini ya ardhi, kwenye njia mpya ya Fridhemsplan hadi Älvsjö. Ni kama kilomita 8, stesheni 6, na abiria hawatapanda mpaka katikati ya miaka ya 2030. Sasa barua imekuja: mkaguzi anataka kuingia ndani apige picha kuta kabla hawajaanza kulipua mwamba. Sisi ni wapangaji tu. Mume wangu anafanya zamu za usiku, analala mchana. Mama mkwe anakuja mwezi ujao kutoka nyumbani, naye ana presha. Nimfungulie huyo mkaguzi, au nimwambie aongee na mwenye nyumba?

La pili: shangazi yangu yuko Fela, Misungwi, jirani kabisa na reli mpya ya kisasa (SGR). Shamba lake halikuchukuliwa, lakini anasema kuta zimeanza kuonyesha nyufa. Aanzie wapi?

---

Kutoka: Kaka wa Mabatini (nimesharudi Mwanza, niko Nyegezi)

Marahaba mdogo wangu. Mfungulie, na siku hiyo uwepo mwenyewe, usimwachie mtoto funguo.

Mimi nilikaa Södermalm, hapohapo Stockholm, kipindi walichokuwa wakilipua mwamba wa stesheni ya Sofia, ile inayoshuka karibu mita 100 chini ya ardhi, ambayo abiria watashuka na kupanda kwa lifti. Watu wengi huogopa mlipuko. Mlipuko wenyewe ni wa sekunde chache. Ukijiandikisha wanakutumia ujumbe kwenye simu kabla, unasikia nyumba inashtuka, vikombe vinagongana kabatini, yamekwisha. Kinachomaliza watu ni kutoboa. Kabla ya kujaza baruti lazima mwamba utobolewe matundu mengi, na baada ya kulipua kuna kutoa kifusi, kukaza mwamba kwa nondo na kupulizia zege, halafu wanaanza upya mita chache mbele. Kazi hiyo inakwenda hivyo kwa miezi. Na sauti ya kutoboa haiji kwa hewa ili ufunge dirisha. Inapanda ndani ya mwamba, inaingia kwenye msingi, inatokea ukutani pale ulipoegemeza mto. Sisi tuliokulia juu ya mawe tunalijua hili: mtu akipasua kokoto kwa nyundo huko bondeni, wewe uliyekaa juu ya jiwe lilelile unamsikia kama yuko uani kwako. Stockholm nayo imekaa juu ya mwamba mgumu kama Mwanza. Kwenu sehemu kubwa ya njia itatobolewa kwa mashine, lakini stesheni na mashimo ya kushukia ni baruti.

Kwa hiyo, kuhusu shemeji anayelala mchana: andika barua leo, usipige simu tu, useme ndani ya nyumba yuko mtu anayelala mchana kwa sababu ya kazi. Miradi ya huko ina utaratibu wa kuwapa watu mahali pa kukaa kwa muda kelele zikizidi kiwango, lakini hesabu zao huanzia kwa mtu anayelala usiku. Wasipojua kwamba yupo, hawatamhesabu. Na jibu lao lihifadhi.

Kuhusu ukaguzi. Mkaguzi wangu alitaka kumaliza sebuleni na kuondoka. Nikamwambia kwa upole, twende wote. Tukasogeza kabati la nguo, tukaangalia vigae vya bafuni, pembe za juu za madirisha, hadi stoo ya chini. Juu ya dirisha la jikoni palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Alipoupiga picha, na mimi nikapiga yangu nikiwa nimeweka sarafu ya krona kando yake, kisha pale ufa ulipoishia nikachora kamstari kwa penseli na kuandika tarehe. Miezi ikapita, ufa ukavuka mstari ukashuka hadi karibu na soketi. Mkandarasi aliposema ufa ni wa zamani, sikubishana naye. Nilimpa picha mbili. Ukuta ulirekebishwa.

Sheria ya mazingira ya Sweden iko upande wako hapa: kwa madhara ya mitikisiko na ulipuaji, mwenye kudai hahitaji kuthibitisha kwamba mjenzi alizembea. Anatakiwa kuonyesha kwamba, kwa uzito wa ushahidi, kazi ile ndiyo iliyosababisha. Sasa utaonyeshaje bila picha ya kabla? Hapo ndipo watu wetu wengi wanapopoteza haki, kwa kumwona mkaguzi kama askari wa kodi. Yule ni shahidi wako. Omba nakala ya ripoti yake, na kama ni ya mwenye nyumba, mwombe mwenye nyumba kwa maandishi.

Kuna jambo jingine, nalo kwenye vikao vya wakazi hutalisikia mpaka uulize: maji. Handaki likichimbwa, maji ya ardhini huelekea kuvujia humo. Ndiyo maana wanasukuma saruji kwenye nyufa za mwamba kabla ya kuendelea. Jengo lililosimama juu ya mwamba halina wasiwasi mkubwa. Lakini mabonde ya hapo, kama Årstafältet, ni udongo wa mfinyanzi, na maji yakishuka udongo ule hunywea, nyumba ikashuka nao. Yako majengo ya zamani mjini yaliyokaa juu ya magogo. Magogo yakiwa majini hayaozi, yakikauka yanaoza. Muulize mwenye nyumba jengo lenu limekaa juu ya nini, na kama kuna visima vya kupima maji karibu. Ni haki yako kuuliza hata kama wewe ni mpangaji.

Mama mkwe, kwa maoni yangu, asiwe hapo wiki za kutoboa. Ratiba hutolewa mapema, isome kabla ya kukata tiketi.

Shangazi wa Fela namwachia dada wa Misungwi, anayajua kuliko mimi. Ila amwite fundi leo apake plasta kidogo, upana wa kiganja, juu ya kila ufa, aandike tarehe juu yake. Plasta ikikatika, ukuta bado unatembea. Mafundi wote wa hapa wanaijua njia hiyo.

---

Kutoka: Dada wa Misungwi (Mwanza)

Asante kaka. Nami niseme ninayoyajua, maana familia yetu imepitia fidia ya reli hii.

Reli ya Mwanza–Isaka, kilomita 341 ukijumlisha njia za kupishania, iliwekewa jiwe la msingi na Rais Samia Juni 2021. Sisi eneo letu lilichukuliwa, na kwa mtu wa namna hiyo sheria iko wazi: anastahili thamani ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, ya usafiri, na ya makazi ambayo hupigwa kwa kodi ya miezi 36. Uthamini una maisha ya miaka 2. Fidia isipolipwa ndani ya muda huo, unatakiwa kufanywa upya. Mambo haya myajue, maana ndugu zenu wanasaini wakiwa wamesimama juani.

Shangazi yako yuko katika kundi gumu zaidi. Shamba lake liko nje ya mstari, kwa hiyo mthamini hakufika kwake, na jina lake haliko kwenye daftari lolote. Mtu wa hivyo hasubiri kuitwa. Aandike barua kwa mkandarasi, nakala kwa mwenyekiti wa kijiji, nakala kwa mtendaji, nakala ofisi ya mkuu wa wilaya, na zake azigongewe muhuri wa kupokelewa kote. Miradi hii huwa na watu wa ustawi wa jamii wanaopokea malalamiko. Awatafute hao, asiende kwa dereva wa katapila. Aeleze siku na saa anazosikia milipuko, na malori ya kifusi yanapita umbali gani na nyumba. Majirani wenye nyufa waandike pamoja naye. Barua ya kaya moja hukaa chini ya faili.

Tena nyie mlio nje: kama nyumba au kiwanja kiko kwa jina lako, mtengenezee mtu unayemwamini hati ya uwakilishi, ipitie ubalozi wetu wa Stockholm. Kwetu kaka yetu alikuwa nje, karatasi zilikuwa kwa jina lake, na ofisi moja ilituzungusha hadi tukakata tamaa. Mama alikuwa anapanda daladala kila wiki kwa ajili ya saini ya mtu aliyeko ng'ambo. Naliandika hili bado linaniuma.

---

Kutoka: Dada wa Kirumba (sasa Stockholm)

Mungu awabariki. Nimeshamjibu mkaguzi kwamba Alhamisi nitakuwepo, na barua kuhusu zamu za mume wangu nimeituma asubuhi hii. Mwenye nyumba amejibu kwamba nusu ya jengo letu iko juu ya mwamba na nusu iko juu ya nguzo, kwa hiyo swali la visima limekuwa la kweli, nitaliuliza kwenye kikao. Shangazi nimempigia, majirani wanne wamekubali kuandika pamoja naye, dada wa Misungwi nitakutumia namba yake pembeni.

Limebaki la mama mkwe. Tiketi ilishakatwa, na ratiba inaonyesha kutoboa kunaanza wiki ileile anayofika. Kuna mwenye chumba nje ya Stockholm?

---

Kutoka: Mama wa Sengerema (sasa Uppsala)

Mlete kwangu. Chumba kipo chini, hana ngazi za kupanda, na kituo cha afya kiko hatua chache. Nitumie majina ya dawa zake za presha kabla hajasafiri, nimwulize mfamasia kama zinapatikana hapa.