Vita Kuu ya Kwanza viliisha lini: 11, 14 au 25 Novemba 1918?

Kitukuu wa Mpagazi
Wakuu, habari za jioni. Shuleni tulikaririshwa kwamba vita viliisha tarehe 11 Novemba 1918, saa tano asubuhi, basi. Lakini marehemu bibi alikuwa akisema baba yake, aliyewabebea Waingereza mizigo, alikuwa bado njiani na mzigo kichwani wakati Wazungu kwao wameshapatana. Tulimcheka, tukaona ni uzee. Juzi namsikia mtu anataja tarehe 25. Nani mkweli? Na wale wapagazi waliishia wapi?

Mbwiga wa Pwani
Vita vya Wazungu hivyo. Kuisha viliisha, ila sisi hatukupewa taarifa 😂

Dereva wa Kasama
Mkuu, mbwiga katania lakini kagusa penyewe. Bibi yako hakukosea.

Mimi napeleka mzigo Kasama, kule Zambia, kisha nateremka Mpika. Ukifika mto Chambeshi, kando ya barabara kuna mnara wa mawe na mzinga wa zamani. Nilikuwa naupita tu miaka yote. Siku tairi liliponipasukia pale, utingo akaenda kutafuta jeki, nikausoma wote. Unasema hapo ndipo von Lettow-Vorbeck, jenerali wa Wajerumani, alipoambiwa vita vimekwisha: Alhamisi, 14 Novemba 1918, saa moja na nusu asubuhi. Aliyemwambia ni Croad, bwana shauri wa Kasama.

Hesabu mwenyewe. Huko Ufaransa walisaini mkataba wa kusimamisha vita tarehe 11 ndani ya behewa la treni, msituni Compiègne. Huku Wajerumani wameshaingia Kasama na wanazidi kushuka kusini. Tarehe 13 wakamkamata tarishi wa Kiingereza wa pikipiki, kumpekua wakamkuta na telegramu ya kusimamisha vita. Kituko ni kwamba jenerali, kwa maelezo yake mwenyewe, alidhani lazima mambo yamewaendea vizuri kwao Ujerumani. Hakujua Kaisari ameshakimbilia Uholanzi.

Tarehe 25 sasa ndiyo siku ya kukabidhi silaha, mjini Abercorn, Mbala ya leo. Wajerumani 155, askari Waafrika 1,168, na nyuma yao wapagazi, wanawake na watoto. Bunduki nyingi walizoweka chini zilikuwa za Wareno na za Waingereza haohao, walizonyang'anya vitani. Wenyeji wa Mbala watakuonyesha ziwa Chila, wakuambie zimelala humo.

Msoma Nyaraka
Naongezea kwa Dereva. Kifungu cha 17 cha mkataba ule kiliwataka Wajerumani wa Afrika Mashariki waondoke tu. Hakikutaja kusalimu amri. Huku wakaambiwa wasalimu bila masharti, Lettow akalalamika, haikusaidia. Yeye mwaka 1919 alikuwa Berlin, anapita juu ya farasi watu wakimshangilia.

Askari wake wakabaki na karatasi za kudai mshahara. Bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa mwaka 1964, miaka 46 baadaye! Husimuliwa kwamba wazee walijitokeza Mwanza, wengi hawana cheti, basi mlipaji akawapa ufagio mmoja mmoja na kuwapigia amri za gwaride kwa Kijerumani. Kwamba hakuna hata mmoja aliyekosea. Sijui mnaionaje, mimi hadithi hiyo hainichekeshi.

Kitukuu wa Mpagazi
Ahsanteni sana wakuu. Na wapagazi je? Hao ndio niliowauliza.

Dereva wa Kasama
Kweli, nimekuruka, samahani. Hao hawakupewa hata ufagio. Waingereza walichukua watu wapatao milioni moja kubeba mizigo, na waliokufa hutajwa kuwa zaidi ya 90,000. Risasi iliua wachache, wengi ni kuhara, njaa na malaria. Kisha vita vinakwisha tu, mafua makali ya 1918 yakawakuta kambini na njiani. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia ndugu zao, ikabaki serikalini. Kilichobaki ni jina: kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, ndiyo Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi.

Msoma Nyaraka
Na sanamu ya Askari pale Posta, Dar, ya mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, lakini aliyesimamishwa juu ni mwenye bunduki.

Kitukuu wa Mpagazi
Basi wetu alibahatika kurudi. Bibi alisema alifika na blanketi moja na sufuria isiyo na mfuniko, na utosini ana duara la ngozi tupu, nywele hazioti. Ratili hamsini kila siku. Watoto walikuwa wakipaka mafuta hapo, wakidhani zitaota.